Punda wa Shrek si Yule: Barua Zenu Kuhusu Katuni za Halloween

Oktoba ikielekea ukingoni, safu hii hupokea barua za aina moja. Maduka makubwa ya Masaki na Mlimani yanapanga maboga ya plastiki, watoto wanapeana flashi zilizojaa katuni, na wazazi wanabaki na maswali. Kazi yangu mimi ni sauti. Nimeigiza michezo ya redio, nimesoma matangazo ya sabuni na ya chanjo, nimekuwa paka, mbuzi, bibi kizee na mtoto mtukutu katika vyumba visivyo na madirisha kule Kinondoni na Sinza. Basi mwezi huu nimetenga barua zinazohusu zile katuni fupi za Halloween, ule usiku wa tarehe 31 Oktoba wa mavazi ya ajabu na maboga, hasa zile ambazo waigizaji wakubwa hualikwa kuingiza sauti. Ni jambo ninalolipenda sana, na pale nitakapoona pana mengi ya kusema nitayasema.

Shikamoo Anti. Mwanangu wa darasa la pili anaijua Shrek kwa moyo. Juzi binamu yake kamletea katuni fupi ya Halloween ya Shrek huyo huyo. Ametazama dakika mbili tu akaniambia, "Mama, huyu Punda si yule." Nami nikasikiliza, nikaona kweli kuna kitu. Je, tumepewa nakala ya kughushi? – Mama wa mmoja, Tabata Segerea

Marahaba, mama. Katuni ni yenyewe, na sikio la mwanao ni sahihi kabisa. Hiyo ni Scared Shrekless, iliyoonyeshwa mara ya kwanza na kituo cha NBC cha Marekani tarehe 28 Oktoba 2010. Shrek anawapa wenzake changamoto ya kulala katika ngome iliyotelekezwa na kusimuliana visa vya kutisha. Mike Myers alirudi kuwa Shrek, Cameron Diaz akawa Fiona, Antonio Banderas akawa yule paka mwenye mabuti. Eddie Murphy, aliyekuwa Punda katika filamu zote nne kubwa na hata katika katuni ya Krismasi ya 2007, hakuwemo. Aliyeshika nafasi yake ni Dean Edwards, mchekeshaji aliyewahi kuwa katika kipindi cha Saturday Night Live.

Mpe mwanao pongezi zangu. Edwards aliifanya kazi ile vizuri: unene wa sauti upo, kicheko kipo, ule mdomo usiotulia upo. Ninachokisikia mimi ni tofauti ya pumzi. Murphy huanza sentensi kabla mwenzake hajamaliza, tena bila kuogopa kuharibu. Anayemwiga mtu mwingine hulazimika kujilinda kidogo, na mtoto aliyeirudia filamu mara nyingi hukisikia kile kilichopungua hata kama hana jina la kukiita.

Kushika nafasi ya mwingine ni kazi ya heshima katika fani yetu, wala usidhani ni udanganyifu. Woody wa Toy Story katika filamu ni Tom Hanks, lakini katika wanasesere wanaosema na katika magemu mengi anayesikika ni Jim Hanks, mdogo wake wa damu. Kwa Toy Story of Terror!, katuni yao ya Halloween ya mwaka 2013, alikuja Tom mwenyewe. Mwekee mwanao hiyo, umsikie atasema nini.

Dada, katuni yenyewe dakika ishirini, halafu wanamlipa staa mkubwa aje aseme sentensi kumi. Huo si ulaji tu? Mtu wa kawaida mwenye sauti nzuri angeshindwa nini? – Fundi simu, Kariakoo

Mdogo wangu, jina linauza, hilo halina ubishi. Tangu Robin Williams alipokuwa lile jini la bluu katika Aladdin mwaka 1992, studio za Marekani zimezidi kuyategemea majina makubwa ili kuwavuta hata watu wazima. Na desturi yenyewe ni kongwe kuliko hapo. Mwaka 1949 Disney walimwita Bing Crosby, mwimbaji aliyependwa mno enzi zake, asimulie na kuimba kisa cha mpanda farasi asiye na kichwa.

Lakini hebu hesabu muda. Nafasi ya nusu saa kwenye televisheni ya Marekani, ukitoa matangazo, inabakiza kama dakika 22 za katuni. Katika filamu ndefu mhusika anapewa saa nzima ya kuzoeleka. Katika katuni fupi mgeni anaingia mwishoni, na neno lake la kwanza lazima lijaze nyumba. Tazama Room on the Broom, iliyoonyeshwa na BBC Krismasi ya 2012, kuhusu mchawi mwema na wanyama wanaopanda ufagio wake. Simon Pegg anasimulia, Gillian Anderson ndiye mchawi, Timothy Spall ni joka. Mzigo wa maneno anaubeba msimulizi. Hawa wengine wana nafasi ndogo tu ya kusema, na kila mmoja ndani ya nafasi hiyo anakuwa kiumbe kamili, mwenye tabia yake. Hapo ndipo pesa inapokwenda ikiwa imetumika vizuri.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni James Earl Jones. Unamjua hata kama jina hulijui: ndiye Mufasa wa The Lion King ya 1994. Miaka minne kabla ya hapo, tarehe 25 Oktoba 1990, The Simpsons walitoa katuni yao ya kwanza ya Halloween, visa vitatu ndani ya kipindi kimoja, naye alikuwa mgeni wao. Katika kisa cha kwanza ni mbeba mizigo ya watu wanaohamia nyumba mpya. Katika cha pili ni mpishi wa viumbe wa sayari nyingine. Katika cha tatu anasimulia The Raven, shairi la Edgar Allan Poe lililochapishwa mwaka 1845, la mtu aliyefiwa na mpenzi wake na kutembelewa usiku na ndege mweusi. Ndani ya katuni Homer, baba wa familia ya Simpson, ndiye mfiwa, Bart mwanawe ndiye ndege, na vurugu ni nyingi. Jones hakuchekesha hata kidogo. Alilighani shairi lile kwa uzito wake wote, na kwa sababu yeye hakulichezea, mtazamaji anacheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Mtu wa kawaida mwenye sauti nene angetafuta kicheko. Yeye aliliheshimu shairi, akawaachia wengine kicheko chao.

Na huyo alikuwa na kigugumizi utotoni. Kwa miaka karibu minane hakuzungumza shuleni ila kwa nadra mno. Mwalimu wake wa sekondari huko Michigan, Donald Crouch, aligundua kwamba kijana anaandika mashairi, akamtaka ayaghani mbele ya darasa, na ulimi ukaanza kufunguka. Alifariki Septemba 2024 akiwa na miaka 93. Nikisikia mtu anasema sauti ni ya kuzaliwa nayo tu, namtajia Jones.

Sasa upande wako wa hoja. Umaarufu peke yake hautoshi, nami nimelishuhudia hilo hapa hapa mjini. Tulikuwa tunarekodi hadithi ya watoto, wenye fedha wakataka msanii mkubwa wa Bongo Fleva awe zimwi. Akaja na watu wake, akavaa hedifoni, akasoma kana kwamba anatangaza ofa ya vocha. Tukarudia, ikawa vilevile. Prodyuza akatoka nje, akamwita binti yake mdogo aliyekuwa anachora barazani, akamkalisha kwenye kigoda mbele ya maiki. Akamwambia msanii, "Msimulie huyu." Yule bwana akakunja magoti, akashusha sauti mpaka ikawa ya kukwaruza, akamuuliza mtoto anapenda kula nini. Swali hilo halikuwemo kwenye karatasi. Mtoto akajibu, "Chipsi." Zimwi likanyamaza kidogo, kisha likasema taratibu, "Mimi napenda wanaokula chipsi." Binti akapiga ukelele, akacheka mpaka akaanguka kigodani. Tukawa tumelipata zimwi letu, na kuanzia hapo kijana yule alifanya kazi ambayo mimi mwenyewe nisingeiweza.

Na kwa vile uko Kariakoo, waulize wakubwa wako waliokaa kwenye vibanda umiza. Lufufu, yaani Kapteni Derek Mukandala, alikuwa akizitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili peke yake: shujaa ni yeye, adui ni yeye, mama anayelia ni yeye, na katikati anakufafanulia hata yale ambayo filamu yenyewe haikuyasema. Watu walichagua kanda kwa sababu ni ya Lufufu, bila hata kuuliza ndani yake yumo mwigizaji gani. Kwake yeye sauti ndiyo iliyoleta jina. Natamani watengenezaji wetu wa katuni walitazame jambo hilo kabla hawajafungua simu kuhesabu nani ana wafuasi wengi.

Anti, wanachora kwanza au wanarekodi sauti kwanza? – Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Ilala

Sauti kwanza. Mwigizaji anarekodiwa, mara nyingi akiwa peke yake chumbani, na wachoraji wanaufuata mdomo wake, wakati mwingine hata nyusi na mikono yake. Sisi tunaoingiza Kiswahili kwenye katuni iliyokwisha kamilika tunakwenda kinyume: mdomo umeshachorwa, ni sisi wa kuufuata. Mstari ukiwa mrefu kuliko mdomo, tunaupunguza hapo hapo mbele ya maiki, kwa sikio.

Bwana asifiwe, dada. Mama watoto anasema Halloween ni ibada ya shetani na katuni zote zifutwe. Watoto wanalia. Mimi nimekwama katikati. Unasemaje? – Baba wa watatu, Mbezi Beach

Amina, kaka. Imani ya nyumba yenu mnaijua ninyi wawili, nami siwezi kuwaamulia kutoka gazetini. Ninachoweza ni kukueleza jambo lenyewe lilivyo. Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ile inayosaliwa tarehe 1 Novemba hata hapa kwetu. Mila zake nyingi zina asili katika Samhain, sikukuu ya kale ya Ireland na Scotland ya kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi, ambapo watu waliamini wafu wako karibu. Waairishi waliohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19 wakaenda nayo. Kwao walikuwa wakichonga taa kwenye tunipu, Marekani wakakuta maboga, wakachonga maboga. Leo kwa watoto wengi wa huko ni usiku wa kuvaa mavazi ya ajabu na kupita nyumba hadi nyumba kuomba peremende.

Katuni hazifanani. Hizo za The Simpsons zina damu na dhihaka, na mimi singewawekea watoto wadogo. Kwa upande mwingine ipo It's the Great Pumpkin, Charlie Brown, ya 1966, ambayo haina mzimu hata mmoja. Mtoto anaitwa Linus anakesha shambani akilingoja boga kubwa lije na zawadi, na halitokei. Ni kisa cha kungoja na kukosa, na watoto wanakielewa haraka kuliko sisi. Humo hamna staa. Sauti ni za watoto halisi, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida, kwani watoto wa kwenye katuni walikuwa wakiigizwa na watu wazima. Katika katuni ya Krismasi iliyotangulia, ya 1965, Kathy Steinberg aliyekuwa Sally alikuwa mdogo mno hata kusoma hajui, akawa anatamkiwa kipande kwa kipande naye anarudia. Ukiisikiliza kwa makini utazisikia zile nafasi ndogo kati ya maneno, na ndizo zilizoifanya ipendeze. Mbwa Snoopy ni mwongozaji mwenyewe, Bill Melendez, sauti yake ikiwa imeharakishwa.

Itazameni kwanza wewe na mama watoto, watoto wakiwa wamelala. Haifiki nusu saa. Mkiamua hapana, iwe hapana ya pamoja, na jioni hiyo wapeni kitu kingine cha kusikiliza. Kizazi changu kilikuwa na Mama na Mwana ya Radio Tanzania. Deborah Mwenda alisimulia, nasi tukakaa sakafuni tukiogopa na kufurahi bila kuona picha yoyote.

Anti, mimi naweza kuiga sauti za watu wengi: wahubiri, makondakta, wanasiasa. Nataka kuwa sauti ya katuni. Nianzie wapi? Sina studio. – Kijana, Mbagala Rangi Tatu

Anza kwa kuacha kuiga watu maarufu. Kuiga kunakuonyesha koo lako linafika wapi, basi. Katuni inataka mtu ambaye bado hayupo, na huyo unampata kwa kumuuliza maswali: ana njaa? Amechoka? Anamwogopa nani? Ukimjua, sauti itakuja yenyewe, tena itadumu saa nzima bila kukukwaruza koo.

Kila siku soma ukurasa wa gazeti kwa sauti, kisha usome tena kama mzee, tena kama mtoto aliyenyimwa kitu. Jirekodi kwa simu. Rekodi usiku bodaboda zikipungua, ndani ya kabati la nguo au chini ya blanketi zito, kwa sababu kitambaa kinameza mwangwi. Bati na mvua haviendi pamoja na kurekodi, siku hiyo fanya mazoezi ya kusoma tu. Simu iwe umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo ya mdomo, la sivyo kila P na B itapiga kishindo. Kabla ya kurekodi usinywe soda ya baridi wala maziwa. Kunywa maji ya kawaida, na ukipata tufaa la kijani tafuna vipande viwili vitatu. Linaondoa ule mlio wa mate unaosikika kati ya maneno. Waigizaji wa sauti wa nchi nyingi hulitumia, nami silikosi mkobani.

Chagua sauti tatu zilizo zako kweli, kila moja sekunde ishirini, uwe nazo tayari kwenye simu. Prodyuza akikuuliza unaweza nini, usimweleze. Mwekee asikilize.

Shikamoo Anti. Ninafundisha chekechea. Watoto wangu wanaongea habari za mchawi wa ufagio na boga lenye meno, lakini zimwi hawalijui. Je, sisi tungeweza kutengeneza katuni yetu fupi ya kutisha kidogo, ya Kiswahili, yenye sauti za watu wanaojulikana? Na wewe ungewachagua akina nani? – Mwalimu, Kigamboni

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma kwa furaha kubwa. Mikono ya kuchora ipo. Ubongo Kids inatengenezwa hapa hapa Dar es Salaam tangu mwaka 2014, na Akili and Me imefuata, kwa hiyo hakuna anayeweza kutuambia kwamba kazi hii haiwezekani kwetu. Visa navyo vipo vya kutosha: zimwi linalombeba binti ndani ya ngoma na kumfanya aimbe kila kijiji, linatisha vizuri na linashindwa vizuri. Popobawa muache. Hofu ile iliwaumiza watu kweli kule Pemba na Unguja mwaka 1995, si ya kuwachezea watoto wa miaka mitano.

Kuhusu sauti, angekuwa hai Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, ningepanda boti kwenda Unguja kumwomba awe bibi msimulizi. Ile sauti yake, yenye mkwaruzo na tumbaku, ingewatuliza na kuwatisha watoto kwa pumzi moja. Kwa walio hai ningemwendea Joti. Watu wanamjua kwa vichekesho, lakini mimi namtazama kama fundi wa sauti: anakuwa bibi, anakuwa mtoto, anakuwa kijana wa mjini, na kila mmoja ana pumzi yake na mwendo wake. Zimwi la ngoma linataka mtu wa namna hiyo, kwa sababu lazima lijifanye jema mbele ya wanakijiji na baya likibaki na binti peke yake. Binti mwenyewe awe mtoto wa kweli, asiwe mtu mzima anayebana pua. Na wimbo wa ndani ya ngoma uimbwe na watoto wako.

Andika kisa, kisizidi kurasa sita, kila mhusika awe na mistari yake, zimwi liwe moja tu. Kilete kwenye ofisi za jarida. Bibi msimulizi nitakuwa mimi, bila malipo. Wa kuwa zimwi tutawarekodi watu kadhaa, kisha uwawekee watoto darasani mmoja mmoja bila kuwatajia majina. Yule ambaye wakishamsikia watapiga kelele na kuomba arudiwe, huyo ndiye tumchukue.